Nani kamdhulumu nani? Jibu kwa baraza ya Chake Chake kuhusu langalanga

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni msomaji wako kutoka Chake Chake, Pemba. Baraza yetu inaangalia langalanga, yaani mbio za magari za Formula 1, kila Jumapili, na tangu Abu Dhabi 2021 imegawika: wengine wa dereva Lewis Hamilton, wengine wa Max Verstappen. Msimu wa 2025 ulipomalizika kwa tofauti ya pointi 2 tu, ugomvi ukaanza upya. Upande mmoja unasema waamuzi wana mtu wao, adhabu wanagawa kwa kuangalia sura. Upande wa pili unasema langalanga ni gari tu, hata ami yetu mwenye daladala akipewa gari ya Red Bull, timu ya Verstappen, atashinda. Tufahamishe: Max alistahili ubingwa ule wa 2021? Waamuzi wana upendeleo? Dereva bora atajulikanaje kama magari hayalingani? Na Felipe Massa, aliyekuwa dereva wa Ferrari, atapewa ubingwa anaoudai wa 2008?

JIBU: Waalaykumu salaam, na salamu zangu kwa baraza nzima.

Nianze na ami yenu, maana kesi yake ni fupi. Hashindi, na pengine hata kutoka alipoegeshwa hatoki. Klachi ya gari ya langalanga iko nyuma ya usukani, inashikwa kwa vidole, na ukiiachia vibaya injini inazimika. Akifanikiwa kuondoka atakwenda taratibu, kama mtu yeyote mwenye akili zake, na hapo ndipo penye hatari: breki na matairi ya gari ile hayashiki vizuri mpaka yapate moto, na moto wenyewe hupatikana kwa kwenda mbio. Gari inamtupa zaidi anayeiogopa. Kwa hiyo hili la kwamba dereva si kitu tuliweke kando.

Yaliyobaki ni mazito kidogo, na naona baraza yenu imezitia kesi mbili katika faili moja. Kesi ya kwanza ni kama sheria ilifuatwa. Hii ina karatasi: vifungu vipo, maamuzi yameandikwa, mtu anasoma na kuona mwenyewe. Kesi ya pili ni nani dereva bora. Hii haina karatasi, ina dalili tu. Sasa mtu wa Hamilton akiishinda ile ya kwanza hujiona kaishinda na ya pili, na mtu wa Verstappen akiwa na hoja nzuri katika ya pili huitumia kuifunika ya kwanza. Mtabishana mpaka kahawa iishe kwenye dele na hammalizani.

Tuichukue Abu Dhabi yenyewe, tarehe 12 Disemba 2021. Wawili hao waliingia mbio za mwisho wakiwa sawasawa, pointi 369.5 kila mmoja. Kwetu zilianza saa 10 jioni. Hamilton alimpita Verstappen tangu kuondoka, na kwa kasi aliyokuwa nayo siku ile hakuna aliyeonekana kumuweza. Mzunguko wa 53 kati ya 58, Nicholas Latifi wa Williams akagonga ukuta na gari ya usalama ikaingia, ile inayotangulia mbele ya wote na kuwazuia wasipitane mpaka njia isafishwe. Red Bull wakamwita Verstappen abadilishe, akavaa matairi laini, yanayoshika zaidi. Mercedes wakamwacha Hamilton na matairi yake magumu yaliyokwisha choka, kwa sababu wangemwita, Verstappen angebaki nje na kuchukua uongozi, na mbio zingeweza kumalizika vile vile nyuma ya gari ya usalama. Mpaka hapa hapana dhuluma yoyote. Kila timu ilicheza karata iliyokuwa nayo mkononi.

Kati ya Hamilton na Verstappen palikuwa na magari 5 yaliyokwisha pitwa mzunguko mzima. Kifungu cha 48.12 cha kanuni za mwaka ule kilisema hivi: magari kama hayo yakiruhusiwa kujirudishia mzunguko wao, yatapita, na gari ya usalama itatoka mwisho wa mzunguko unaofuata. Mkurugenzi wa mbio, Michael Masi, kwanza alitangaza kwamba hapana atakayeruhusiwa kupita. Baadaye akageuka, akaruhusu yale 5 tu yaliyowatenga wagombea ubingwa, na gari ya usalama akaitoa mzunguko ule ule. Hayo ni makosa mawili kwa pamoja. Carlos Sainz wa Ferrari, aliyekuwa wa tatu, aliachiwa magari yaliyopitwa mbele yake. Yaani mbio zilifunguliwa kwa watu wawili, wengine wakawa watazamaji. Kifungu kingefuatwa kama kilivyoandikwa, mbio zingeisha nyuma ya gari ya usalama na Hamilton angekuwa bingwa kwa mara ya 8. Masi angeshikilia tamko lake la kwanza, Verstappen angeuanza mzunguko wa mwisho akiwa na magari 5 mbele yake kabla hajamfikia Hamilton.

Mercedes walipinga usiku ule ule, waamuzi wakawakatalia. Hoja yao kubwa ilikuwa kifungu cha 15.3, kwamba mkurugenzi wa mbio ana mamlaka ya mwisho juu ya matumizi ya gari ya usalama. Hoja hiyo mimi sijaikubali mpaka leo. Kisomeni kifungu kizima: kinazungumzia uhusiano wa mkurugenzi na msimamizi wa uwanja wa nchi mwenyeji, nani amsikilize nani. Kumfanya mkubwa juu ya ofisa mwenziwe si kumpa ruhusa ya kuvikiuka vifungu vyengine. Mercedes walikusudia kukata rufaa kisha tarehe 16 Disemba wakaiwacha. Masi akaondolewa Februari 2022, nafasi yake wakapeana zamu Niels Wittich na Eduardo Freitas. Machi, FIA, shirikisho linalosimamia michezo ya magari duniani, likatoa ripoti yake: lilikuwa kosa la kibinadamu, mtu alifanya kwa nia njema, na matokeo hayabadiliki. Kifungu nacho kikaandikwa upya ili isiwezekane tena kuchagua magari ya kupita na ya kubaki.

Kwa hiyo sheria ilivunjwa mzunguko ule? Ilivunjwa. Bingwa wa 2021 ni Verstappen? Ndiye, kwa pointi 395.5 dhidi ya 387.5. Wale wa Hamilton wasikatae la pili, na wale wa Verstappen wasikatae la kwanza.

Ama kustahili, msimu ule ulikuwa na mbio 22, haukuwa na mzunguko mmoja. Watu wa Hamilton hupenda kukumbusha Spa, Ubelgiji, ambako mvua iliwazuia, magari yakazunguka kidogo nyuma ya gari ya usalama na nusu ya pointi zikagaiwa: Verstappen 12.5, Hamilton 7.5. Hiyo ni tofauti ya pointi 5 siku ambayo hakuna aliyeruhusiwa kumpita mwenziwe, na ubingwa ulikuja kuamuliwa kwa 8. Kweli kabisa, na kanuni hiyo pia ilibadilishwa baadaye. Lakini watu wa Verstappen nao wana Baku, ambako tairi lilimpasukia akiongoza mbio zikiwa ukingoni. Wana Hungary, ambako Bottas wa Mercedes alisababisha mgongano kona ya kwanza na gari yake ikaharibika. Wana Silverstone, ambayo nitaijia. Daftari la bahati halifungiki. Kila ukidhani umelipatanisha anatokea mtu na risiti nyengine. Mimi ninachoangalia ni kwamba Verstappen alishinda mbio 10 mwaka ule na Hamilton 8. Mtu aliyeshinda mbio 10 hakuokota ubingwa njiani. Kwa maoni yangu, Verstappen alistahili msimu, na Hamilton alistahili mbio zile za Abu Dhabi. Aliyetukosesha kuuona mwisho halali ni ofisi ya mkurugenzi, na hao madereva wawili hawana hatia yoyote.

Sasa waamuzi. Kwanza mjue nani ni nani, maana barazani huwa wanatukanwa wote kwa jina moja. Mkurugenzi wa mbio haadhibu. Yeye anaendesha shughuli: bendera, gari ya usalama, kusimamisha na kuanzisha. Akiona jambo analipeleka kwa jopo la waamuzi, watu 3 au 4. Tangu 2010 mmoja wao huwa dereva wa zamani, na mmoja hutoka chama cha magari cha nchi mwenyeji. Jopo linabadilika kutoka mbio moja hadi nyengine, na wengi wao wana kazi zao nyengine, si waajiriwa wanaokaa ofisini mwaka mzima kuangalia mikanda. Hapo ndipo panapotoka mengi mnayoyaita upendeleo. Kitendo kile kile Jumapili hii kinaangaliwa na macho haya, Jumapili ijayo na macho mengine.

Lakini pia makosa yenyewe si ya namna moja. Yapo ya kiufundi, ambayo hayana majadiliano, yanapimwa kwa kipimo. Spa 2024 George Russell alishinda mbio, gari ikapimwa baadaye ikakutwa pungufu kwa kilo 1 na nusu: 796.5 badala ya 798. Ushindi ukaenda kwa Hamilton, mwenziwe wa timu hiyo hiyo ya Mercedes. São Paulo 2021 Hamilton aliondolewa katika matokeo ya kufuzu, yale yanayopanga nafasi za kuanzia, kwa sababu upenyo wa bawa la nyuma ulizidi milimita 85 kwa sehemu ndogo mno. Las Vegas 2025 mbio zilikuwa saa 1 asubuhi kwetu, wengi mmeshakunywa chai mkaondoka mkijua Norris wa pili na Piastri wa nne. Baada ya masaa wote wawili wakafutwa kwa kuwa ubao wa chini ya magari yao ya McLaren ulilika mpaka chini ya milimita 9. Hakuna aliyeulizwa alikusudia au hakukusudia. Katika mambo haya ukimwambia mtu waamuzi wana sura wanayoipenda, itabidi umwambie na mzani una sura unayoipenda.

Kelele zote ziko upande wa pili, makosa ya uendeshaji, ambako lazima mtu aamue. Na hapa kuna kitu kimoja nataka mkishike kuliko vyote, kwa sababu robo tatu ya mabishano ninayoyasikia yanatokana na kutokukijua: adhabu inapima kitendo, haipimi matokeo yake.

Silverstone, Julai 2021. Mzunguko wa kwanza, Hamilton na Verstappen wakagusana katika kona ya Copse, moja ya kona za kasi kubwa kabisa. Verstappen akaruka mpaka kwenye matairi ya ukingoni, kishindo kikapimwa mara 51 ya uzito wake, akapelekwa hospitali. Waamuzi wakamwona Hamilton ndiye mwenye kosa kubwa zaidi, wakampa adhabu ya sekunde 10, ambazo dereva husimama nazo kituoni au huongezwa kwenye muda wake mbio zikimalizika. Akazitumikia alipoingia kubadilisha matairi, akatoka, akamfukuza Leclerc wa Ferrari na kumpita ikiwa imebaki mizunguko miwili, akashinda. Pointi 25 kwake, mwenziwe hospitali. Watu wa Verstappen mpaka leo wanauliza adhabu gani hiyo. Ilikuwa adhabu ya kusababisha mgongano, basi. Kishindo cha ukutani, hospitali na ubingwa uliokuwa unagombaniwa havikutiwa kwenye hesabu, na kwa utaratibu wa FIA havitakiwi kutiwa.

Sasa wekeni hiyo pembeni ya Barcelona, Juni 2025. Mwisho mwisho wa mbio gari ya usalama iliingia, magari yakabanana. Baada ya kuachiwa, Verstappen, amekasirika na ameambiwa na timu amrudishie Russell nafasi, akampunguzia mwendo kisha akamgonga. Sekunde 10 zile zile. Lakini safari hii hapakuwa na mizunguko ya kuzifidia na nyuma yake walikuwa wamepangana karibu karibu, kwa hiyo kutoka wa 5 akaporomoka hadi wa 10. Pointi 10 zikawa 1. Amepoteza 9, na msimu ule ubingwa aliukosa kwa 2: Norris 423, yeye 421.

Sekunde 10 moja ilimwacha mtu na ushindi, sekunde 10 nyengine ilikula ubingwa, na bei zote mbili ziliamuliwa na magari yaliyokuwa nyuma, si na waamuzi. Mkitaka kulaumu, laumuni mfumo. Mimi binafsi ningependa sekunde ziachwe kwa makosa madogo, na mgongano unaomtoa mtu mbioni uadhibiwe kwa kupitishwa njia ya vituo vya timu, maana hapo kila mtu anapoteza takriban muda ule ule na hawezi kuufanya pamoja na matairi. Adhabu hiyo imo kwenye kanuni tangu zamani, haitumiki sana tu.

Jengine linalowachanganya ni kona. Nani mwenye haki ya kona? Waamuzi wana mwongozo wao, na kwa miaka mashabiki tulikuwa tunauhisi tu mpaka FIA ilipouweka hadharani mwezi Juni 2025. Kwa ufupi, anayepita kwa ndani anatakiwa ekseli yake ya mbele iwe imefika angalau usawa wa kioo cha pembeni cha mwenziwe pale kona ilipo ndani kabisa. Anayepita kwa nje ana kazi ngumu zaidi: ekseli yake lazima iwe mbele ya ya mwenziwe mahali hapo hapo. Verstappen aliusoma mwongozo huo kuliko yeyote. Akiwa anajilinda kwa ndani, huchelewesha breki makusudi ili awe wa kwanza kufika pale ndani, kisha kona imtoe mpaka ukingoni, na wa nje hana pa kukaa. Austin 2024 alifanya hivyo, wote wawili wakatoka nje ya njia, Norris akampita huko nje, na aliyeadhibiwa akawa Norris, sekunde 5. Wiki moja baadaye, Mexico, Verstappen akajaribu tena dhidi ya Norris huyo huyo na kupigwa sekunde 10 mara mbili. Barazani inasemwa waamuzi waliogopa kelele. Mimi naona Mexico alivuka mpaka ambao Austin aliusogelea tu, ingawa sitashangaa mtu akiniambia kelele nazo zilisaidia. Binadamu wana masikio.

Kuhusu kununuliwa au kuwa na mtu wao, orodhesheni wenyewe. Verstappen anayesemwa kipenzi chao aliadhibiwa sekunde 10 Jeddah 2021 kwa kumpigia Hamilton breki mbele yake, ubingwa ukiwa moto. Mexico sekunde 20 kwa jumla. Barcelona tumeiona, na siku ile leseni yake ilifikia pointi 11 za makosa, ambapo 12 ndani ya miezi 12 humfungia dereva mbio moja, kama ilivyomkuta Kevin Magnussen mwaka 2024. Hamilton, anayesemwa kipenzi cha Waingereza, tumemuona São Paulo akiondolewa kwa unene wa unywele. Waamuzi wenye mtu wao wangekuwa na kumbukumbu mbovu sana.

Hata hivyo sitawaambia kwamba wanaoshuku ni wajinga. FIA yenyewe imeilisha shaka hiyo. Februari 2020 ilitangaza kwamba imefikia maelewano na Ferrari kuhusu injini yao ya 2019, na yaliyomo kwenye maelewano ikayafanya siri. Timu 7 ziliandika kulalamika. Mwaka 2022 Red Bull walikutwa wamepitisha ukomo wa matumizi ya 2021, ule ule mwaka wa ubingwa, kwa pauni milioni 1.864, asilimia 1.6. Wakatozwa dola milioni 7 na kukatiwa asilimia 10 ya muda wa majaribio ya upepo, pointi hazikuguswa. Safari hii angalau tarakimu zilitolewa nje, watu wakabishana juu ya kitu kinachoonekana. Ile ya Ferrari mpaka leo kila mtu ana yake.

Nije kwenye kesi ya pili. Watu wa pwani hili hawahitaji kufundishwa: ngalawa mbili zikishindana, moja ina tanga jipya na nyengine tanga la viraka, huwezi kuwapima manahodha. Wapewe vyombo vya fundi mmoja, au wabadilishane. Langalanga ina bahati kwamba kila timu inatoa magari mawili ya fundi mmoja, kwa hiyo kipimo cha kwanza cha dereva ni mwenziwe wa timu. Na mara chache sana watu hubadilishana vyombo, na hapo tunaona mengi.

Jenson Button mwaka 2008, na Honda mbovu, alipata pointi 3 msimu mzima. Honda wakajitoa, timu ikanunuliwa kwa pauni 1, ikaitwa Brawn, ikatoka na gari yenye ubunifu wa chini kwa nyuma ambao wapinzani wengi hawakuwa nao. Button yule yule akashinda mbio 6 kati ya 7 za mwanzo na kuwa bingwa wa 2009. Alijifunza kuendesha katika miezi mitatu ya baridi? Mtu anayesema gari ndiyo kila kitu ana shahidi mzuri hapa. Shahidi wa pili ni Russell. Novemba 2020 yuko na Williams, hajapata hata pointi moja nayo tangu aanze. Hamilton akaugua Covid, Russell akaazimwa Mercedes kwa mbio za Sakhir, akakosa nafasi ya kwanza ya kuanzia kwa sekunde 0.026 nyuma ya Bottas, kisha akaziongoza mbio mpaka timu ilipomvurugia matairi.

Lakini ushahidi huo huo ugeuzeni. Kama Russell aliweza kufanya hivyo kwa siku chache, basi miaka yote ile pale nyuma alikuwepo dereva mkubwa, sisi hatumuoni. Gari ndiyo inayoamua utapigania nafasi gani. Ndani ya nafasi hiyo, mtu ndiye anayeonekana. Red Bull ya 2023 ilishinda mbio 21 kati ya 22: Verstappen 19, mwenziwe Pérez 2. Pointi 575 kwa 285, chombo kimoja. Mwaka uliofuata, gari ilipoanza kuwa ngumu, ikawa 437 kwa 152. Na São Paulo 2024, katika mvua, Verstappen alianzia nafasi ya 17 akashinda. Upande wenu unaosema ni Red Bull tu, uelezee kwa nini Red Bull ya pili haifiki. Najua jibu litakalokuja, kwamba gari inatengenezwa kwa kumfuata yeye. Lina ukweli ndani yake: anapenda gari yenye pua kali inayoingia kona haraka, na wengine wanaishindwa. Liam Lawson, aliyewekwa kuwa mwenziwe, alipewa mbio mbili tu mwanzoni mwa 2025 akaondolewa. Lakini gari ya kasi ambayo mtu mmoja tu anaiweza ni sifa kwa huyo mtu.

Kipimo cha mwenza nacho kina udanganyifu wake. Button na Hamilton walikaa pamoja McLaren misimu mitatu, 2010 hadi 2012. Jumlisha pointi: Button 672, Hamilton 657. Ni wangapi barazani kwenu watakaosema Button alikuwa bora? Hata mimi sisemi. Hamilton alimzidi kwa kasi ya mzunguko mmoja mara nyingi mno, akapoteza pointi kwa kuharibikiwa na kwa migongano, mengine yake mwenyewe. Nico Rosberg naye alimshinda Hamilton 2016 kwa pointi 385 kwa 380, na injini ya Hamilton iliungua Malaysia akiwa anaongoza. Kwa hiyo pointi pekee hazitoshi. Angalieni kufuzu, angalieni siku za mvua, angalieni mtu anafanya nini na gari mbovu, na mpeni miaka.

Kwa mizani hiyo, 2025 nani alikuwa bora? Norris alimshinda mwenziwe Piastri, 423 kwa 410, gari moja, na hakuna wa kumuondolea hilo. Alipoteza pointi 18 Zandvoort gari ilipovuja mafuta, na nyengine 18 Las Vegas kwa kosa ambalo si la mikono yake. Ni bingwa halali. Dereva bora wa mwaka kwangu alikuwa Verstappen, aliyekuwa nyuma ya Piastri kwa pointi 104 mwisho wa Agosti na akamaliza 2 nyuma ya bingwa. Aliyemkosesha ubingwa ni yeye mwenyewe, ule mzunguko wa hasira kule Barcelona. Dereva bora na bingwa wanaweza kuwa watu wawili tofauti bila ya yeyote kudhulumiwa, na mkilikubali hilo nusu ya ugomvi wenu hauna kazi.

Amebaki Massa. Singapore 2008 timu ya Renault ilimuamrisha Nelson Piquet Jr. agonge ukuta kusudi ili gari ya usalama iingie na mwenziwe Alonso afaidike, na kweli akashinda. Yalibainika mwaka uliofuata. Massa alikosa ubingwa ule kwa pointi 1, Hamilton 98, yeye 97, na anadai mbio zile zilipaswa kufutwa kwa kuwa wakubwa walijua mapema wakanyamaza. Kesi iko London. Novemba 2025 jaji aliruhusu dai la njama liendelee, lakini si lile la kumtangaza kuwa bingwa. Fedha anaweza kupata, kombe hapati. Na mkiijadili, msimsahau mtu wa mafuta. Massa alikuwa anaongoza, akaingia kituoni wakati ule ule wa gari ya usalama, Ferrari wakamruhusu kuondoka mpira wa mafuta ukiwa bado umeng'ang'ania ubavuni mwa gari, akauburura njia nzima na kumaliza wa 13 bila pointi. Ajali ilipangwa na Renault, mpira waliuacha Ferrari wenyewe.